Saluti Ambayo Veit Hakuipiga

Kunigunde Zehrer alizaliwa nyuma ya karakana ya mapipa, Hirschlauter, mji mdogo wa Franconia, Ujerumani, wenye viwanda vinne vya bia na kanisa moja. Watu walimwita Kuni. Baba yake aliwatengenezea mapipa wenye viwanda wote wanne, na kwa kuwa hakupenda maneno, alizungumza kwa mkono. Mama alikuwa mtu wa kusali na kunyamaza. Kisha alikuwepo Ottmar, mdogo wake Kuni, mtoto mwenye miguu myembamba na macho yasiyotulia.

Ottmar alijua kuigiza watu. Angeinuka mezani akatembea kama padre anayekanyaga joho lake, au angekohoa kama mwalimu mkuu anavyokohoa kabla ya kutoa adhabu. Siku moja alisahau kufunga banda la bata bukini, baba akamchapa mkanda. Katikati ya kilio chake Ottmar akaguna, mguno ule ule wa baba anapoinua pipa. Mzee Zehrer akasimama, mkono juu. Halafu akacheka. Alicheka hadi akatafuta kigoda akae, na mkanda ukamponyoka. Kuni, aliyekuwa mlangoni na aproni mdomoni, alifurahi kwamba mdogo wake amepona. Lakini aliuona pia uso wa Ottmar, jinsi ulivyotulia ghafla ukimtazama baba, kama mtu aliyegundua mlango mahali alipodhani ni ukuta. Akaogopa, bila kujua anaogopa nini.

Vita ilipomchukua Ottmar alikuwa na miaka kumi na saba. Alirudi kutoka kambi ya mateka mwembamba kama ufito, amekosa meno mawili. Mama akamwekea sahani ya madonge ya viazi, akamwuliza, "Uliona nini huko, mwanangu?" Ottmar akaanza kusimulia habari ya sajenti wake aliyeiba kuku, akamficha ndani ya kofia yake ya chuma, na kuku akataga yai wakati jenerali anakagua gwaride. Baba alicheka. Majirani walioitwa walicheka. Hata mama alijifuta machozi kwa kona ya kitambaa cha meza.

Kesho yake Kuni alimkuta karakanani, amekaa ndani ya pipa ambalo halijafungwa pete, magoti kidevuni.

"Unafanya nini humo?"

"Kuni, yule kuku hakuwepo."

"Na sajenti je?"

"Sajenti alikuwepo."

Akangoja aendelee. Ottmar alikuwa anakwangua ubao kwa ukucha, na hakuendelea. Kuni alimshika kichwa, akampapasa nywele, kisha akaenda kuwalisha bata kwa sababu hakujua kitu kingine cha kufanya.

Mwaka uliofuata Kuni aliolewa na Veit Prell, mwoka mikate. Veit alikuwa mwanamume mkubwa, tumbo mbele, masharubu ya njano, na ulimi mzito uliomfanya afikiri kabla ya kusema hata habari za hali ya hewa. Alikuwa kamanda wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea, kama baba yake alivyokuwa, na jengo la kikosi lilikuwa kazi ya mikono ya baba huyo, tofali kwa tofali, jioni baada ya jioni. Kuni hakumpenda Veit kwa kishindo. Alimpenda jinsi mtu anavyozoea kiti kinachomkaa vizuri, na kila mwaka akakaa humo kwa raha zaidi. Walimpata binti mmoja, Roswitha.

Ottmar alihamia Munich. Aliandikia magazeti vichekesho vya mabwana wakubwa waliokuwa na sare jana na leo wana suti, kisha akaandika riwaya ambayo haikusomwa na mtu. Kila Krismasi alirudi Hirschlauter akiwa na koti lile lile. Veit alimpenda kupita kiasi. Alimwoshea viatu, alimkatia paja la bata, na kila Ottmar alipofungua mdomo Veit alianza kutabasamu mapema ili kicheko kisimpite.

"Shemeji wewe," angesema, "ungekuwa padre kanisa lisingetosha watu."

Basi ikatokea ile Jumapili ya mashindano. Vikosi vya zimamoto vya wilaya nzima vilikutana mji wa jirani kushindana nani anafungua mipira ya maji haraka zaidi na nani anarusha maji mbali zaidi. Kikosi cha Hirschlauter kilikwenda chote, na gari lake jipya jekundu. Asubuhi kabla ya kuondoka vijana walichoma soseji kwenye jiko la jengo lao, na kwa haraka ya safari hakuna aliyehakikisha makaa yamezimika. Saa tisa alasiri, wakati Veit anapokea kikombe cha mshindi wa pili, jengo la zimamoto la Hirschlauter lilikuwa linawaka. Wanawake walilizima. Walileta ndoo, makopo ya maziwa, na mwishowe mapipa mawili ya bia kutoka baa ya jirani, na Kuni alikuwa mstari wa mbele, nyusi zimeungua.

Gari jekundu liliingia mjini likipiga honi kwa furaha. Kisha honi ikakatika. Veit akashuka, kikombe mkononi, akatazama kuta nyeusi. Alikwenda akakaa ukingoni mwa barabara, akaweka kikombe kati ya miguu yake, akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mbele ya kikosi chake na mbele ya wanawake wote. Kuni akaketi kando yake, masizi mpaka shingoni, akamshika mkono. Hakuna aliyecheka siku hiyo.

Miezi ikapita, jengo likaezekwa upya, na mambo yakaanza kuonekana kwa upande wake wa kuchekesha. Krismasi ile Veit mwenyewe ndiye aliyesimulia. Kwa ulimi wake mzito alimweleza shemeji yake yote, soseji, kikombe cha mshindi wa pili, bia juu ya moto, na aliposema kwamba alilia alijicheka mwenyewe. Ottmar alicheka hadi akashika mbavu. "Rudia pale pa bia," alisema. Veit akarudia. Hakuwahi maishani mwake kumchekesha mtu namna ile, na Kuni alimwona amekuwa mwekundu kwa fahari kama bwana harusi.

Kitabu kilitoka baada ya miaka miwili. Mji ulikuwa na jina jingine, na kamanda aliitwa Hutzel, yaani pea lililokaushwa. Lakini tumbo lilikuwa la Veit, masharubu ya Veit, kikombe cha Veit. Kamanda Hutzel ni mtu anayependa taratibu. Anaporudi na kukuta jengo lake linateketea hakimbilii maji. Anawapanga vijana wake mstari mmoja, anawaamuru kuvua kofia, na kwa kuwa kanuni inataka kila jengo la serikali lipewe heshima linapoondoka, anapiga saluti mpaka paa linaporomoka.

Ujerumani nzima ilicheka. Watu walisema hiyo ndiyo picha yetu sote, hivyo ndivyo tulivyosimama na kupiga saluti wakati nyumba inaungua. Magazeti yalisema hivyo, maprofesa walisema hivyo, na Kuni aliposoma alielewa kwamba ni kweli, tena ni ukweli mkubwa. Ila mume wake hakuwa nchi nzima. Mume wake alikuwa mwoka mikate.

Veit alikisoma taratibu, Jumapili tatu, kidole kikifuata mstari. Alicheka mwanzo. Alipofika kwenye saluti akafunga kitabu kidole kikiwa ndani.

"Mimi sikupiga saluti, Kuni."

"Najua. Nilikuwepo."

"Nililia."

"Najua, Veit."

"Basi mbona…" Akafungua tena, akatafuta kama labda kilio chake kiko ukurasa wa mbele.

Mjini walianza kidogo kidogo. Kwanza vijana wa kikosi, mmoja aliposema "Ndiyo, Kamanda Hutzel," wengine wakacheka chini chini. Kisha mwenye bucha. Kisha wateja dirishani: "Hutzel, nipatie mikate sita, na uipigie saluti kabla haijaondoka!" Hawakuwa na ubaya. Walimtaka acheke nao, na mwanzo alicheka. Siku moja akiwa baani akachoka, akamwambia mwenye bucha aache upuuzi huo, mishipa ikimtoka shingoni, na baa nzima ikalipuka kwa vicheko, kwa sababu ukurasa wa nne wa kitabu kamanda anakasirika hivyo hivyo, kwa shingo hiyo hiyo. Akanyamaza basi. Ukurasa wa tisini kamanda ananyamaza. Veit akaja nyumbani, akamwambia mkewe, "Nikikasirika nimo kitabuni. Nikinyamaza nimo. Nikicheka ndiyo kabisa. Nifanyeje?"



Kuni alipanda treni kwenda Munich, safari yake ya kwanza peke yake. Alimkuta Ottmar kwenye nyumba yenye dari la juu, amevaa koti jipya, na wageni wamejaa sebuleni. Akamvuta jikoni.

"Ottmar, wanamwita Hutzel. Hata watoto."

"Dada, ni hadithi tu. Kila mtu anajua ni hadithi."

"Hawajui! Bibi Deinzer aliyekuwa anamwaga ndoo pembeni yangu, pembeni yangu hapa, anaapa kwamba alimwona Veit amepiga saluti. Mwenye bucha naye kamwona. Kwa nini hukumwacha alie? Angelia tu kama alivyolia, kungekuwa na ubaya gani?"

Ottmar alikuwa anazungusha gilasi. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya pipa, Kuni aliona mdomo wake haujui uchukue umbo gani.

"Ningemwacha alie," alisema, "nisingeweza kuandika ukurasa mwingine. Unanielewa? Nikimwacha mmoja tu alie, wote wataanza kulia."

Kutoka sebuleni mtu akaita, "Ottmar, njoo, tunangoja mwisho wa kile kichekesho!" Akaenda. Kuni alisikia kicheko chao kupitia ukuta huku akifunga vifungo vya koti lake.

Veit aliacha ukamanda mwaka ule. Alisema ni mgongo. Kitabu kikafanywa filamu, na baada ya filamu wakaanza kuja watu wa miji mikubwa kwa magari yao, wakisimama mbele ya duka la mikate, wakichungulia. Kuni aliwauzia. Wanaume wengine walipiga saluti dirishani huku wake zao wakiwapiga picha. Veit alihamishia shughuli zake nyuma, kwenye tanuri, akawa hatoki mbele isipokuwa duka limefungwa.

Ottmar naye hakuonja raha ndefu. Aliandika vitabu vingine, na kila alipokwenda kusoma mbele ya watu walimwomba saluti. Alipofika miaka hamsini aliandika kitabu cha yule sajenti, bila kuku, bila mzaha hata mmoja. Kuni alikwenda kumsikiliza Nuremberg. Ottmar alisoma akiwa amesimama, sauti inatetemeka, habari ya vijana wawili waliosimamishwa ukutani kwa kosa la kwenda nyumbani, na sajenti akitafuta kalamu ili aandike majina yao sawasawa. Katikati ya sentensi mtu mmoja nyuma akacheka, cheko la kutaka kujua kama ni wakati wake. Wengine wakamfuata kwa shukrani. Ottmar akaendelea kusoma, na walivyozidi kucheka ndivyo alivyozidi kusoma haraka. Kitabu kile hakikununuliwa. Mke wake aliondoka. Kisha kiharusi kikamshika bafuni, kikaua mguu na mkono wa kushoto, kikamwachia ulimi.

"Tumlete huku," alisema Veit.

Kuni alimtazama mumewe usoni. "Una hakika?"

"Atakwenda wapi sasa? Kile chumba cha Roswitha kina jua."

Veit alimbeba mwenyewe kutoka kwenye gari la wagonjwa, akampandisha ngazi mikononi kama gunia la unga, akimsihi asiegemee upande mbovu. Alimwogesha. Alimkatia kucha. Alimkatia nyama katika vipande vidogo, jinsi alivyomkatia paja la bata zamani. Wanaume hao wawili walikuwa na ubishi usiokwisha juu ya kila kitu, mpira, serikali, kama supu inahitaji chumvi, ila hawakukigusa kitabu, mpaka adhuhuri moja Kuni akiwa anakunja shuka za kitanda pale pale chumbani.

"Shemeji," Ottmar akasema, "nilipaswa kukuuliza."

Veit alikuwa anamnyoa. Hakuinua wembe. "Ulipaswa."

"Ungekubali?"

Veit akafikiri kwa ule mwendo wake, akapangusa povu, akafikiri tena.

"Ningekubali," akasema. "Hapo ndipo panaponiuma. Ungeniambia tu, Veit, nataka kukucheka mbele ya watu, ningekwambia haya, chukua. Geuza shingo."

Ottmar akageuza shingo. Kuni alikunja shuka ile ile mara ya pili.

Ikaja habari ya sanamu. Baraza la mji lilikuwa limeamua kwamba Hirschlauter, ambao miaka ishirini nyuma uliona haya kuandikwa namna ile, sasa ujivunie. Wangesimamisha Kamanda Hutzel wa shaba katikati ya uwanja wa soko, mkono kipajini, na maji yakimtoka kwenye bomba la zimamoto. Mchongaji alikuwa ametumia picha za zamani za kikosi. Meya, bwana mmoja mchangamfu aliyeitwa Pankratz Stöhr, alimweleza Kuni haya yote akiwa amemshika mikono yote miwili.

"Bwana Meya, huyo ni mume wangu."

"Ni heshima, Bibi Prell! Nani mwingine hapa kwetu atabaki kwenye shaba? Mimi? Mimi hata kwenye mbao sitabaki!"

"Hataki."

"Amesema hivyo?"

Hakuwa amesema. Veit alikuwa amesema tu, "Watafanya," kama mtu anavyosema mvua itanyesha. Kuni alirudi nyumbani akamweleza Ottmar, na Ottmar akaomba koti lake jeusi.

Kikao cha baraza kilikuwa wazi kwa wananchi. Kuni alimsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi mbele, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Ottmar akangoja wakae.

"Mabibi na mabwana," alisema, "nimekuja kuwaomba jambo moja. Msiisimamishe sanamu hii."

Kicheko kidogo kikapita, cha watu wanaojiweka sawa kwenye viti.

"Mtu huyu hakupiga saluti. Mnajua hakupiga, wengi wenu mlikuwepo. Nilidanganya."

"Ameanza!" mtu akanong'ona kwa furaha.

"Sifanyi mzaha."

Hapo wakacheka kweli. Mwenye duka la dawa alitoa kitambaa akajifuta macho. "Angalia uso wake," alimwambia jirani yake, "mkavu kama ubao!" Ottmar akagonga meza kwa mkono wake mzima, mara moja, mara mbili, akasema, "Nasema kweli! Nawaomba!" na kila alipogonga walicheka juu yake kama mawimbi. Kuni akaona mshipa unamcheza mdogo wake kwenye paji, akaona jicho lake limejaa machozi. Hakuvumilia.

"Jamani," alipaza sauti, "hatanii! Hamwoni? Hatanii!"

Wakamcheka na yeye, kwa upendo, kwamba kumbe kipaji kiko kwenye damu ya ukoo. Meya alishuka akamkumbatia Ottmar. "Hujabadilika hata kidogo, Bwana Zehrer," alisema, naye alikuwa anacheka hadi kwikwi. "Hata kidogo!" Wakapiga kura, mikono yote ikainuka.

Veit alikuwa anawangoja mlangoni mwa nyumba na aproni yake.

"Wamesemaje?"

"Wamecheka," akajibu Kuni.

"Sana?"

"Sana," akasema Ottmar.

"Basi ulisema vizuri," akasema Veit, akainama kumfungulia mikanda ya kiti. Kuni alimtafuta usoni ajue ni huruma au ni uchungu. Uso ulikuwa umeinama.

Siku ya kuifunua sanamu waliagiza mikate kwa Prell, kwa maana hakukuwa na tanuri jingine mjini. Veit alioka. Kijana wake wa dukani alikuwa ameugua, kwa hiyo alibeba trei mwenyewe, akapita pembeni mwa uwanja, kichwa chini, akitarajia kuiacha kwenye meza ya bia na kurudi. Bendi ilikuwa imenyamaza na Meya anatafuta neno. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Yule pale! Hutzel wa kweli!"

Watu waligeuka. Wakafungua njia, kwa heshima, njia pana kutoka kwake hadi kwenye sanamu. Tumbo la yule wa shaba lilikuwa lake. Masharubu yalikuwa yake, ila ya kijana.

"Saluti!" mmoja akaita. "Saluti, Kamanda!" Wakaanza kupiga makofi kwa mdundo, bendi ikaingia kwa ngoma, sa-lu-ti, sa-lu-ti. Kuni alikuwa upande wa pili na kiti cha Ottmar. Alijaribu kupenya, lakini magurudumu yalinasa kwenye mawe ya uwanja, na hakuweza kumwacha mgonjwa peke yake katikati ya umati. "Nenda," Ottmar alimwambia, "niache, nenda kwake!" Hakuna aliyewapisha.

Veit alitazama huku na huku. Alitafuta mahali pa kuweka trei. Mtu akampokea. Akajipangusa unga mikononi, akafikiri, akasimama wima mbele ya mtu wa shaba, akainua mkono kipajini.

Walishangilia mpaka njiwa wa kanisani wakaruka. Aliushikilia mkono ule pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka makofi yakaanza kupungua na wengine kutazamana. Kisha akaushusha, akadai trei yake, akaenda nyumbani.

Ottmar hakuzungumza siku kadhaa. Alipozungumza tena ilikuwa kuomba maji, au dirisha lifunguliwe. Veit aliendelea kumnyoa. Alijaribu hata kuuchokoza ule ubishi wa chumvi kwenye supu, akisema haina ladha wakati ilikuwa na ladha, lakini mgonjwa alikubali kila kitu. "Ndiyo, shemeji." Kuni alikaa naye alasiri, akisokota sufu, na mara nyingine Ottmar alimtazama kama anataka kusema neno, naye Kuni aliacha sufu, akangoja, kama alivyongoja zamani karakanani. Neno halikuja. Alikufa mwishoni mwa baridi, baada ya kifungua kinywa, Veit amemshika kidole gumba kwa sababu ndicho alichokuwa ameanza kukikata kucha.

Mazishi yalikuwa makubwa. Walikuja wa redio, walikuja wa Munich kwa makoti marefu, na kila aliyesimama kaburini alisimulia kichekesho, kwa kuwa hivyo ndivyo marehemu angependa, walisema. Padre kijana alisimulia cha kuku na kofia ya chuma. Alikuwa amekisikia kwa wazee wa mji. Kuni alisimama kando ya kaburi la mdogo wake akizungukwa na watu wanaocheka na kufuta macho, na ndani ya koo lake kulikuwa na sentensi moja, kwamba huyo kuku hakuwepo. Hakuisema. Nani angeiamini, na ingemfaa nani?

Veit aliuza tanuri kwa mtu wa kiwanda cha mikate, ambaye aliling'oa na kuweka mashine ya kahawa. Roswitha, aliyekuwa ameolewa Bamberg, aliwatafutia wazazi wake nyumba ndogo ya kupanga karibu na stesheni, ghorofa ya tatu, jirani na familia ya Wagiriki na mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu. Kuni alidhani Veit atakataa. Alikubali siku hiyo hiyo, akafunga vitu vyake kabla ya Kuni kuanza.

Bamberg waliitwa Bwana na Bibi Prell. Hakuna aliyepiga saluti. Mwalimu wa hesabu hakusoma riwaya, na Wagiriki walikuwa na shughuli zao. Veit alinyoa masharubu. Asubuhi alinunua mikate kwa mwoka mwingine, akaibinya, akainusa, akatikisa kichwa, na alasiri alikaa dirishani akitazama mabehewa ya mizigo yanavyopangwa na kupanguliwa. Angeweza kukaa hivyo hadi giza. Kuni alikuwa akimwangalia mgongo ule mpana, naye akijiuliza kama mtu aliye ndani yake ametulia au amechoka tu.

Alasiri moja, akiwa anamenya viazi, alimsikia akisema bila kugeuka, "Hapa hakuna anayenijua, Kuni."

Kisu kikasimama. Alisubiri kidogo asikie kama kuna zaidi, kwa maana kwa sauti ile hakuweza kujua kama mumewe analalamika au anashukuru. Angeweza kuuliza. Lakini angejibiwa nini, na baada ya jibu angefanya nini? Treni ya mizigo ikapita chini, ndefu, vioo vikatetemeka. Akachukua kiazi kingine.